Maji ya Juu Kwanza

Katibu Likapa aliileta imeviringishwa kwenye kitenge
kama mtoto mwenye degedege.
"Jana ilikuwa inafanya kazi."
Wote husema hivyo.

Niliiwasha, nikainama kusikiliza.
Diski nzima huvuma kama nyuki walioshiba.
Hii ilikuwa ikigonga: tak, tak, kimya,
kisha tak,
kama mtu anayebisha kwenye nyumba iliyohamwa.

Humo ndani msimu mzima wa korosho,
wakulima mia nne na kumi na mbili,
majina, akaunti, kilo,
na mnada wa tatu umeshapita, benki inadai orodha.
Nakala iko wapi? nikauliza.
Akatazama viatu vyake. Vilikuwa na vumbi la salfa,
lile lile nililolikwangua kwenye feni ya kompyuta,
la manjano, limeshika kama ukoko.

Kijana wa duka la pili akaja na dawa:
itie kwenye friji ya soda, ilale humo.
Mwingine: izabe kofi, huwa zinazinduka.
Nikafunga mlango.

Mimi ni wa Newala, huku juu kusiko na maji.
Mama alikuwa akishuka bondeni saa tisa za usiku
na ndoo, na kata, na mimi nyuma nasinzia nikitembea.
Kisimani hakutaka pupa.
Chota ya juu kwanza, yaliyotulia.
Ukiona tope linaamka, toa mkono,
nenda pembeni, penye weupe.
Tope lina zamu yake, nayo ni ya mwisho.

Basi mashine nayo nikaiagiza vivyo hivyo:
soma palipo pazima; ukikwama, ruka,
weka alama, songa, usibishane na kidonda.
Wala usiandike humo hata herufi moja,
mgonjwa habebeshwi mzigo.

Saa nne, asilimia arobaini.
Saa sita umeme ukakatika mji mzima.
Betri ikaanza kulia. Nikamgongea Mkwawila kinyozi,
akatoka na jenereta na kaptula,
akamimina petroli yake, hakutaja bei.
Alfajiri, tisini na saba.

Zilizobaki nikazirudia kinyumenyume,
toka mwisho kwenda mwanzo,
kama anayemnyatia kuku.
Ikanipa mistari sita. Ikanipa mmoja.
Kisha ikazunguka kwa sauti nzuri kabisa, ya upya,
ikanyamaza.

Tukafungua tulichookoa.
Majina yote. Akaunti zote.
Orodha ya kilo ilikatika kwenye N.
Katibu akakaa chini, sakafuni.
Nachinuku, Nambole, Namkoko, Nandonde,
huku kwetu nani si N?

Wakaitwa ghalani, mmoja mmoja.
Wengine walikuja na stakabadhi, nyingine zimeonjwa na mchwa.
Wengine walikuja na vichwa vyao tu.
Bi Somoe Nandonde alisimama mbele ya meza:
"Mia tatu na sita. Na lile gunia la mawe, Katibu,
ulinirudishia mwenyewe, usijifanye umesahau."
Tukaandika walivyosema.

Jioni tukajumlisha, tukalinganisha na mizani ya ghala.
Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu.
Ghala lilikuwa limepokea zaidi
ya walichodai watu:
kilo arobaini na tatu, hazina mwenyewe.

Tuliuliza wiki nzima. Msikitini, kanisani, kwenye foleni ya pampu.
Kila mtu alipiga hesabu kwa vidole, akatikisa kichwa:
zangu zimetimia.

Diski sijaitupa.
Iko rafuni, ndani ya kitenge cha katibu
ambacho hajakifuata.
Kuna siku nikifagia naigusa kidogo, bila kuitikisa.
Arobaini na tatu zimo humo, chini kabisa,
na jina la mtu,
na tope limetulia.